Kiwanja chenye mifupa

Karne ya 6, huko Ujjain, India, mnajimu aitwaye Varahamihira alitunga kitabu kikubwa chenye kila kitu: nyota, mvua, vito vya thamani, dalili za ng'ombe mzuri, na namna ya kuchagua mahali pa kujenga. Kitabu kinaitwa Brihat Samhita. Sura yake ya nyumba ndiyo iliyonikamata, hasa kipimo kimoja ambacho mtu yeyote mwenye jembe anaweza kukifanya kesho asubuhi.

Chimba shimo la dhiraa moja kila upande, na dhiraa moja kwenda chini. Kisha rudisha udongo ule ule shimoni. Udongo ukibaki juu, kiwanja ni kizuri. Ukitosha sawasawa, ni cha wastani. Ukipungua, shimo likabaki na pengo, achana nacho. Kipimo cha pili: jaza shimo maji, tembea hatua 100, rudi. Maji yakiwa hayajapungua, jenga.

Elimu hii Wahindi wanaiita Vastu Shastra. Varahamihira siye pekee aliyeiandika. Baadaye vilikuja vitabu vizima vya ujenzi kama Mayamata na Manasara, na mpaka leo Nairobi na Dar es Salaam wapo wanaolipa mshauri wa vastu kabla hawajalipa dalali. Kiini chake ni hadithi ya jitu lililoangushwa kifudifudi chini, miungu wakaja kulikalia kila mmoja kwenye kipande chake, lisiinuke tena. Jitu hilo liko chini ya kila kiwanja. Kichwa chake kimeelekea kaskazini mashariki. Kiwanja hugawanywa miraba 81, na kila mraba una mwenyewe. Jiko hukaa kusini mashariki kwa mungu wa moto. Maji na sala hukaa kaskazini mashariki. Vitu vizito, pamoja na chumba cha mwenye nyumba, hukaa kusini magharibi. Na mteremko wa kiwanja uelekee kaskazini au mashariki. Ukielekea kusini, upande wa mungu wa mauti, umejitakia mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Tarime, na kitabu cha namna hii siwezi kukisoma bila kukiweka juu ya ardhi ninayoijua. Nikakiweka. Kilichofuata kilinichekesha kwanza.

Angalia ramani. Mto Mara unatoka Kenya, unakatiza kaskazini ya Hifadhi ya Serengeti, unakwenda magharibi mpaka Ziwa Victoria. Ng'ambo ya kaskazini ni Tarime, ya kusini ni Wilaya ya Serengeti. Nyanda za juu za Tarime, kwa sehemu kubwa, zinashuka kusini kuelekea mtoni na magharibi kuelekea ziwani. Kwa hiyo kwa mujibu wa kitabu, karibu wilaya nzima ni kiwanja kibaya: kusini mauti, magharibi hasara. Halafu vuka mto. Nchi ya Wangoreme, upande wa Serengeti, inashuka kaskazini kuelekea maji. Mteremko wa baraka! Sasa muulize mtu yeyote anayejua historia ya mkoa: ni upande gani uliojaa watu mpaka koo zikapigania mipaka ya mashamba, ukastawisha ndizi na kahawa? Na upande gani uliowahi kumezwa na pori na mbung'o? Mto mmoja, kingo mbili, na kitabu kimezipa kila moja hukumu ya mwenzake.

Hilo si kosa la Varahamihira. Yeye aliandikia nchi iliyo kaskazini ya ikweta, ambako jua la adhuhuri kwa sehemu kubwa ya mwaka liko kusini na joto kali la alasiri linapiga kusini magharibi. Kuweka ghala na kuta nene upande huo ni akili ya kawaida kabla haijawa dini. Tarime iko digrii moja na kitu kusini ya ikweta. Karibu nusu ya mwaka jua la mchana hupita kaskazini mwetu, nusu nyingine kusini. Sisi hatuna upande wa jua, tuna zamu.

Lakini shimo ni habari nyingine. Shimo halijali ikweta. Nilichimba mawili nyumbani. La kwanza pembeni ya shamba, mahali ambapo hapajawahi kulimwa. Udongo ulibaki juu, kichuguu kizima. Fundi yeyote atakueleza kwa nini: udongo ulioshindiliwa na miaka ukichimbuliwa huvimba, haurudi wote ulikotoka. Huo ndio udongo unaobeba msingi. La pili nilichimba mahali palipokuwa zizi la zamani, ambapo mama hupanda mboga kwa sababu hazishindwi hapo hata mwaka wa ukame. Nikarudisha udongo. Ukapungua, shimo likabaki na shavu lililobonyea.

Kwa hiyo kipimo kinasema kweli, ila kinajibu swali la mjenzi tu. Hata kile cha maji nina shaka nacho. Kachimbe kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule wa tambarare za Serengeti, wakati wa mvua: maji yatakaa shimoni siku nzima, hatua 100 si kitu. Na bado hakuna fundi wa Mugumu atakayekushauri ujenge hapo, maana udongo huo huvimba masika na kupasuka kiangazi, na ukuta hupasuka nao. Kitabu chenyewe kiliutaja udongo mweusi mwisho, baada ya mweupe, mwekundu na wa njano, ila sababu yake ilikuwa matabaka ya watu. Mweusi ni wa tabaka la chini. Hapo ndipo elimu ya udongo ilipogeuka kuwa elimu ya kumkalisha mtu mahali pake, na sitaki kuipamba.

Nilichokuja kukitafakari zaidi ni mifupa. Vastu inaagiza kwamba kabla ya kujenga, kiwanja kichunguzwe kama kuna kitu kigeni chini: mifupa, nywele, majivu, makaa. Kila kimoja kina balaa lake, na kinatakiwa kitolewe. Ardhi nzuri ni ardhi safi, ambayo hakuna aliyeiishi.

Kwetu ni kinyume kabisa. Mji wa Mkurya, na hapa nasema mji kwa maana ya nyumbani kwa mtu na si Mwanza wala Musoma, kwa Kikurya eeka, ulijengwa kuzunguka ng'ombe. Zizi liko katikati, nyumba za wake zinalizunguka, kila mama na inyumba yake, na watu waliotoka katika nyumba hiyo wanajulikana kwayo hata nyumba ikishaoza. Wafu wako hapo hapo nyumbani. Mtu wa Tarime akikuonyesha kwamba ardhi ni yake, hakuonyeshi hati kwanza, anakuonyesha kaburi. Mifupa ambayo mshauri wa vastu angeitoa ndiyo ushahidi wetu.

Kuna neno linalobeba jambo hili zima: itongo, wingi matongo. Katika lugha nyingi za Kibantu za ukanda wa maziwa makuu, toka kwa Wagusii mpaka Rwanda, ni mahame, mahali palipokuwa na mji wa mtu kabla hajahama au kufa. Watu walihama sana. Ardhi ikichoka, ugonjwa ukiingia, vifo vikifuatana, mji unavunjwa na kujengwa kwingine. Lakini mahame hayakuwa takataka. Samadi ya zizi iliyalisha kwa miaka, mimea ikasimama hapo kwa rangi nyingine, na jina la mwenyewe likabaki. Wajukuu waliweza kurudi. Kiwanja kizuri kuliko vyote kilikuwa kile ambacho mtu wenu alikwishakaa.

Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007, alifuata kumbukumbu za namna hii kwa Wanata, Waikoma, Waisenye na Wangoreme. Anachoonyesha ni kwamba wazee hawakusimulia historia kwa miaka. Walisimulia kwa mahali. Kilima hiki, chemchemi ile, mti ule, tulikaa hapa, tukatoka, tukaenda pale. Mahali pa mizimu, emisambwa, palitunzwa hata watu walipokuwa wameshahamia mbali. Na kila baada ya muda kizazi kilichoshika zamu, rikora, kilitembea kuizunguka nchi kwa dawa ili kuifunga na kuiponya. Sasa linganisha: Mhindi ana jitu lililolala chini ya kiwanja kimoja kimoja, lenye mipaka ya miraba. Huku hakuna aliyekuwa na kiwanja chake chenye ulinzi wake peke yake. Iliyozungushiwa ulinzi ni nchi nzima, kwa miguu ya watu.

Nisije nikaonekana nasimulia pepo iliyopotea. Uchaguzi huo ulifanywa na hofu pia. Karne ya 19 ilipokuwa inakwisha, watu wa Serengeti ya magharibi walivamiwa na Wamasai, sotoka ikaua ng'ombe, ndui ikaua watu, na njaa ya miaka ya 1890 ikawatawanya. Wangoreme walijenga kuta za mawe vilimani na kujibana ndani yake, wengi pamoja, na mabaki ya kuta hizo yapo. Mahali pazuri pa kujenga, kwa mtu wa wakati ule, ni mahali unapomwona adui kabla hajakuona. Maji yakiwa mbali, mwanamke atakwenda nayo kichwani, hakuna aliyemuuliza. Hilo nalo liandikwe. Katika simulizi zote za kuchagua mahali pa mji, sijasikia moja inayoanza na mke kusema panapomfaa yeye.

Halafu wakaja wachaguaji wengine. Wajerumani walichagua kilima cha Ikoma wakajenga boma, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1951 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na baadhi ya mahame ya watu hawa, pamoja na mahali pao pa matambiko, yakabaki upande wa wanyama. Yule mzee anayehesabu historia kwa kilima na chemchemi, sasa vilima vyake viko nyuma ya lango la kulipia.

Wahindi nao walifika Mara, na hapa wenye vastu wanarudi kwenye hadithi. Tusiwaweke wote kapu moja: miongoni mwa wafanyabiashara wa ukanda wa ziwa walikuwepo Waislamu wa madhehebu mbalimbali ambao jitu la miraba 81 haliwahusu kabisa, na walikuwepo Wahindu, akina Patel na Walohana, ambao huenda walilisikia toka utotoni. Lakini hata aliyelijua asingeweza kulifuata. Serikali ya Mwingereza Tanganyika ilitaka biashara ya wasio wenyeji ikae kwenye miji na vituo vya biashara vilivyotengwa. Mpima ameshapita, viwanja vimepangwa kando ya barabara, duka mbele, nyumba nyuma. Mlango wa duka unatazama wateja wanakotoka. Kama barabara iko kusini, basi mungu wa mauti ndiye mteja wako wa kwanza kila asubuhi, na utamfungulia. Maduka hayo ya zamani yenye baraza na bati lililopinda, ambayo mengine bado yapo Musoma, ni majengo ya watu waliochagua biashara kwanza na mwelekeo baadaye.

Aprili 1971 Serikali ya Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sehemu kubwa yalikuwa ya Waasia. Kwa mpigo mmoja, kwa sheria, nyumba zilibadilisha mwenyewe bila hata tofali kusogea. Wengi wakaondoka nchini. Miaka miwili na nusu baadaye, Novemba 1973, Nyerere akatangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, ni amri, na mwisho ni 1976. Mkoa wa Mara ulisombwa mwaka 1974.

Sijawahi kuona matukio haya mawili yakisimuliwa pamoja. La 1971 linasimuliwa na Waasia, mara nyingi wakiwa Leicester au Toronto. La 1974 linasimuliwa na wakulima, mara nyingi wakiwa kimya. Mimi nayaona ni jambo moja: watu wawili wenye elimu tofauti kabisa kuhusu mahali pa kukaa, mmoja na vitabu na mwingine na makaburi, wanaambiwa na ofisi moja kwamba mahali pa kukaa patapangwa. Tofauti ni kwamba wa kwanza aliachwa na jengo lililohama mikononi mwake, na wa pili alihamishwa yeye, na jengo likaezuliwa.

Wazee wanaokumbuka Operesheni wanaeleza mstari. Si mgambo, si lori, ingawa hayo yalikuwepo. Mstari. Nyumba zinasimama kwenye mstari kando ya barabara, mlango kwa mlango, mji wa mtu hauna duara tena, zizi halina katikati. Ng'ombe walale wapi? Mke wa pili akae wapi? Mtoto wa kiume akioa ajenge wapi, wakati kiwanja cha jirani kinaanza hatua 30 kutoka mlangoni? Serikali ilikuwa na majibu ya maji, shule na zahanati, na majibu hayo hayakuwa ya uongo. Mimi nimesoma katika shule iliyojengwa kwa ajili ya kijiji kama hicho. Lakini maswali ya duara hayakuwa kwenye fomu.

Na sasa jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo. Mwalimu ni mtu wa Mara, Mzanaki wa Butiama, mwendo mfupi kutoka Serengeti. Kilima alichozaliwa kwenye ukoo wake, mji wa baba yake Chifu Burito, alikorudi baada ya kung'atuka mwaka 1985 na alikozikwa Oktoba 1999, kinaitwa Mwitongo. Mw-itongo. Kwenye mahame. Mtu aliyeamuru mamilioni watoke kwenye matongo yao amelala kwenye la kwake, karibu na kaburi la baba yake, na wageni wanapelekwa hapo kulitazama.

Simsemi kwa kebehi. Nimesimama pale na nilivua kofia. Ila naona Mwitongo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya Operesheni Vijiji, na aliitoa mwenyewe, kwa mwili wake, bila kusema neno. Alipokuwa huru kuchagua, alichagua kama Mzanaki.

Wengine walichagua vilevile bila jina kubwa. Miaka ya 80 ilipoingia na mkono wa Serikali kulegea, watu wengi vijijini walianza kurudi polepole kwenye mahame. Kwanza shamba, kisha kibanda cha kulindia nyani, kisha jiko, kisha ng'ombe. Hakuna aliyetangaza.

Kuna kata ya Tarime iitwayo Matongo. Iko Nyamongo, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002. Wote mnajua habari za huko, sina haja ya kuzirudia. Nataka tu kusema kuhusu kipimo cha tatu, ambacho Varahamihira hakukiwaza: kuna ardhi inayofaulu kipimo cha shimo, inafaulu kipimo cha maji, ina kaburi la babu, na bado haikaliki kwa sababu iliyo chini yake ni mali ya mtu mwingine. Mgodi unapopanuka, mthamini anakuja na daftari. Anahesabu migomba, vyumba, mabati. Makaburi nayo yana utaratibu wake, kwa Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969: yanahesabiwa, yanafukuliwa, yanazikwa kwingine kwa gharama ya anayehitaji ardhi. Mifupa inatolewa, kama kitabu cha Ujjain kilivyoagiza.

Familia iliyolipwa inakwenda kutafuta kiwanja. Nimekaa na mmoja wa namna hiyo, kijana, pale Tarime mjini, akiwa na dalali na karatasi. Viwanja viwili, vyote 20 kwa 20, bikoni zimeshasimikwa. Kimoja kiko karibu na lami lakini kwenye bonde. Kingine kiko juu, mbali na maji, na jirani yake ni mtu wa ukoo ambao koo zao zilishawahi kupigana. Dalali anataka jibu kabla ya jioni, kuna mteja mwingine, kama ilivyo ada ya madalali. Nikamtajia kijana kipimo cha shimo, nikidhani nitamchekesha. Hakucheka. Aliuliza dhiraa ni kiasi gani. Nikamwonyesha, toka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati.

Akampigia mama yake simu kwanza. Mama hakuuliza lami wala bei. Aliuliza baba yao watamweka upande gani.